KARL PAUL LINK: MTU ALIYETOA DAWA KATIKA NYASI ZILIZOOZA

Katika makala haya nataka kukusimulia maisha ya mtu ambaye kazi yake imefanya damu ya wagonjwa wengi mno ulimwenguni iendelee kutembea bila kugandia njiani. Mtu mwenyewe ni Profesa Karl Paul Link, mkemia wa Marekani. Ukiingia katika hospitali kubwa ukalitaja neno warfarini, daktari atakuelewa mara moja. Lakini ukilitaja jina la Link mbele ya wanafunzi, wengi watakutumbulia macho. Tunamjua Newton na tofaa lake, tunamjua Fleming na kuvu yake ya penisilini, lakini huyu wa ng'ombe na nyasi zilizooza hatujasimuliwa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Basi leo tumtazame mwundaji.

DAMU NA KUGANDA KWAKE

Kabla sijafika mbali, hebu tukumbushane somo la biolojia. Ukijikata na wembe, damu hutoka, kisha baada ya dakika chache huganda na kidonda hujifunga. Hiyo ni neema kubwa. Isingekuwa hivyo, mtu angekufa kwa kuchomwa na mwiba tu. Ini letu hutengeneza protini maalum za kugandisha damu, na ili lifanye kazi hiyo huhitaji vitamini K, ambayo tunaipata hasa katika mboga za majani.

Lakini neema ikipita kiasi hugeuka balaa. Damu hiyohiyo ikiganda ndani ya mshipa, bonge linalotokea huziba njia. Bonge la mguuni likikatika husafiri hadi mapafuni na mtu anaweza kufa ghafla. Likikwama ubongoni, huyo amepatwa na kiharusi. Likiziba mshipa unaolisha moyo, sehemu ya moyo hufa. Kwa karne nyingi madaktari walikuwa wakitazama tu, hawana la kufanya.

Dawa za kupambana na mabonge haya ni za aina mbili, na ni vizuri tusizichanganye. Kuna zile za kuyeyusha bonge ambalo limekwisha kutokea, na kuna zile za kuzuia damu isigande ovyo. Ya kwanza ya kuyeyusha ilianzia kwa William Tillett wa Marekani, ambaye mwaka wa 1933 alieleza jinsi bakteria fulani wa koo wanavyotoa kitu chenye uwezo wa kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa upande wa kuzuia, heparini ilianza kujulikana mwaka wa 1916 kupitia kwa Jay McLean, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi tu wa udaktari kule Baltimore. Naam, mwanafunzi kama mimi na wewe! Ila heparini haimezwi, hudungwa kwa sindano. Mgonjwa hawezi kwenda nayo nyumbani na kuitumia miaka na mikaka bila taabu. Kilichokuwa kikikosekana ni kidonge. Hapo ndipo anapoingia shujaa wetu.

KUZALIWA NA MASOMO

Karl Paul Link alizaliwa Januari 31, 1901, katika mji wa LaPorte, jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri, mwenye asili ya Kijerumani, na nyumba yao ilikuwa imejaa watoto kumi. Unajua mwenyewe nyumba ya watoto kumi ilivyo. Karl alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, akachukua masomo ya kemia ya kilimo. Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1922, ya pili mwaka wa 1923, na ya udaktari mwaka wa 1925, akiwa na umri wa miaka 24 tu.

Baada ya hapo alivuka bahari kwenda Ulaya kunoa kisu chake. Alikaa Uskoti katika chuo cha St Andrews akijifunza kemia ya sukari. Akaenda Graz, nchini Austria, kwa Fritz Pregl, bingwa wa kupima vitu vidogo sana, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel mwaka wa 1923. Kisha akaenda Zürich, Uswisi, kwa Paul Karrer, ambaye naye alikuja kuipata Nobel mwaka wa 1937. Elimu hii ya kupima chembe ndogo ndogo ndiyo iliyokuja kumfaa baadaye. Lakini huko huko Ulaya aliambukizwa kifua kikuu, ikabidi apumzishwe huko Davos, milimani Uswisi. Ugonjwa huu uwekee alama msomaji, maana utarudi tena katika hadithi yetu, na utarudi na zawadi.

Mwaka wa 1927 alirejea Madison akawa mwalimu katika chuo kilekile kilichomlea. Mwaka wa 1930 alimwoa Elizabeth Feldman, mwanamke aliyekuwa mstari wa mbele katika harakati za amani, wakajaliwa watoto watatu wa kiume.

Kwa sura na mavazi, Link hakuwa profesa wa kawaida. Nywele alizifuga, mashati yake yalikuwa ya flana, shingoni alifunga tai ya kipepeo, na wakati mwingine alijitanda joho kama mwigizaji wa jukwaani. Alikuwa mkali, mcheshi na mkaidi, yote kwa pamoja. Wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda.

SIKU YA DHORUBA

Sasa twende kwenye kisa chenyewe. Wakulima wa Marekani ya kaskazini na Kanada walikuwa wamepanda kwa wingi mmea mmoja wa jamii ya kunde uitwao klova tamu. Ulikuwa mlishi mzuri wa ng'ombe, na ulistawi hata penye udongo duni. Jina lake la utamu lilitokana na harufu yake nzuri, ambayo huletwa na kemikali iitwayo kumarini. Wakulima waliukata, wakaukausha na kuuweka akiba ya majira ya baridi.

Halafu, kuanzia miaka ya 1920, ng'ombe wakaanza kufa vifo vya ajabu. Ukimkata pembe, au ukimhasi dume, damu hutoka bila kukoma hadi anakufa. Wengine walivuja damu ndani kwa ndani bila jeraha lolote. Daktari wa mifugo wa Kanada, Frank Schofield, aligundua kuwa tatizo ni klova iliyoingia unyevu ikaota kuvu. Naye Lee Roderick wa North Dakota akaonyesha kuwa damu ya ng'ombe hao ilikuwa imepungukiwa na protini ya kugandisha. Ushauri wao ulikuwa rahisi: usiwalishe mifugo nyasi zilizooza, na aliyekwisha kuugua mwongeze damu ya ng'ombe mzima.

Ushauri rahisi, lakini kwa nani? Mwaka wa 1933 Marekani ilikuwa katikati ya dhiki kuu ya kiuchumi. Mkulima hakuwa na pesa za kununua lishe nyingine. Akizitupa hizo nyasi mbovu, ng'ombe watakufa njaa. Akiwapa, watakufa kwa kutokwa na damu. Mbele simba, nyuma chui.

Mkulima mmoja wa aina hiyo aliitwa Ed Carlson, mkazi wa Deer Park, Wisconsin. Jumamosi moja ya Februari 1933, ng'ombe wake kadhaa wakiwa wamekwisha kufa na dume lake likitokwa na damu puani, alipakia garini mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na kiasi cha kilo 45 za klova iliyooza. Akashika njia kwenda Madison, umbali wa kilomita 300 hivi, dhoruba ya theluji ikivuma. Alikuwa akimtafuta daktari mkuu wa mifugo wa jimbo. Alipofika, ofisi imefungwa. Ni Jumamosi, bwana! Akatangatanga hadi akaona mlango ulio wazi. Ulikuwa mlango wa jengo la kemia ya viumbe, na ndani alikuwamo Profesa Link na mwanafunzi wake Mjerumani, Eugen Schoeffel. Hapa ndipo nilipoelewa maana ya msemo kuwa kupotea njia ndiko kujua njia.

Link hakuwa mgeni kabisa wa jambo hilo, kwa sababu wiki chache kabla alikuwa ameanza kulisikia kutoka kwa wataalamu wenzake waliotaka kukuza klova isiyo na kumarini nyingi. Hata hivyo, kusikia habari katika mkutano ni jambo moja, na kumwona mtu mzima amesimama mbele yako na debe la damu ni jambo lingine. Alimsikiliza mkulima, na cha kusikitisha ni kwamba hakuwa na jipya la kumpa. Alimrudishia ushauri uleule wa Schofield na Roderick. Carlson akageuza gari, akarudi kwake katika theluji ileile, mikono mitupu.

Lakini debe la damu lilibaki maabarani. Schoeffel, ambaye alikuwa mtu wa hisia kali, aliichezesha ile damu mikononi na kuona kuwa kweli haigandi, akapandwa na uchungu kwa ajili ya yule mkulima. Yeye na mwalimu wake walianza kazi jioni ileile. Hawakungoja Jumatatu.

MIAKA SITA YA KUKESHA

Mambo hayakuwa ya haraka kama tunavyopenda kudhani. Kazi yao ilikuwa kutafuta, ndani ya rundo la nyasi mbovu, kile kitu kimoja kinachozuia damu isigande. Kwanza walihitaji kipimo. Waliwatumia sungura: wanampa sungura dondoo la nyasi, kisha wanapima damu yake inachukua muda gani kuganda. Dondoo likiwa na nguvu wanaligawa tena, wanapima tena, wanagawa tena. Ni kama kupepeta mchele gunia zima ili kupata jiwe moja dogo. Miaka ikapita. Wanafunzi wakaja, wakahitimu, wakaenda zao, na wengine wakashika zamu.

Alfajiri ya Juni 28, 1939, baada ya kukesha usiku kucha, mwanafunzi Harold Campbell alitazama katika darubini akaona fuwele ndogo zikimetameta. Ndiyo! Walikuwa wameipata. Mwenzake Mark Stahmann akafanya kazi ya miezi minne kukusanya kiasi cha kutosha kuchunguzwa, na kwa jasho lote hilo alipata gramu 1.8 tu. Hiyo haijazi hata kijiko cha chai. Halafu Charles Huebner akafumbua umbo lake na kuitengeneza mwenyewe maabarani, akamaliza Aprili 1, 1940. Siku ya wajinga, lakini wao hawakuwa wajinga.

Kumbe kuvu ilikuwa ikiichukua kumarini isiyo na madhara hayo, inaibadilisha kidogo, kisha molekuli mbili zinaunganishwa kwa daraja la kaboni moja. Kitu kilichozaliwa hapo kikaitwa dikumaroli. Na ukitaka kujua jinsi kinavyofanya kazi, ni hivi: kinaizuia vitamini K isitumike ipasavyo katika ini, basi protini za kugandisha damu zinatoka zikiwa na kasoro. Kwa sababu hiyohiyo, ukimpa mnyama vitamini K ya kutosha, anapona. Vitamini hiyo yenyewe ilikuwa imegunduliwa na Henrik Dam wa Denmark, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1943 pamoja na Edward Doisy. Sumu na kiteguzi chake vikawa vimepatikana karibu wakati mmoja. Bahati iliyoje!

Madaktari hawakukawia. Mwaka wa 1941 dikumaroli ilikuwa imeanza kujaribiwa kwa wagonjwa, Madison na katika kliniki maarufu ya Mayo. Kile kilichokuwa kikiua ng'ombe wa Carlson kilianza kuwaokoa binadamu.

Hapa naomba nisimame kidogo niseme jambo. Nikisoma habari za wavumbuzi, mara nyingi naona jina moja tu, kana kwamba mtu huyo alifanya yote peke yake. Kisa hiki ni kinyume. Bila Carlson kuendesha gari katika theluji, hakuna damu. Bila Schoeffel, hakuna moto. Bila Campbell, Stahmann na Huebner, hakuna fuwele. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sifa ya Link, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuliacha swali lipoe kwa miaka sita, na alijua kuwakusanya vijana waliolipenda swali hilo kama yeye.

KITANDANI ANAWAZA PANYA

Nilikuambia kifua kikuu kitarudi. Mwaka wa 1945 Link aliugua tena, akalazwa miezi kadhaa. Mtu mwingine angelala akahesabu mbao za dari. Yeye aliomba vitabu, akasoma historia ya vita vya binadamu na panya tangu zamani. Akilini likamjia wazo: kama dawa hii inaua kwa kuvujisha damu polepole, si inaweza kuwa sumu ya panya?

Wazo lilikuwa zuri kwa sababu moja. Panya ni mnyama mjanja. Akionja chakula kikamdhuru papo hapo, hakigusi tena. Lakini sumu hii hufanya kazi baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya anakula leo, anakula kesho, hashuku kitu. Dikumaroli yenyewe ilikuwa dhaifu kwa kazi hiyo. Ila maabara ya Link ilikuwa imetengeneza ndugu zake wengi, kiasi cha 150, kila kimoja na nambari yake. Waliojaribiwa walipolinganishwa, nambari 42 ndiyo iliyowashinda wote. Kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ikigharimiwa na mfuko wa utafiti wa chuo hicho, ujulikanao kwa herufi WARF, walizichukua herufi hizo wakazibandika mkia wa neno kumarini, jina likawa warfarini. Mwaka wa 1948 iliingia sokoni kama sumu ya panya, ikatapakaa ulimwenguni. Panya nao hawakukaa bure: kufikia mwaka wa 1958 kule Uskoti walionekana panya waliokwisha kuizoea!

SUMU YAWA DAWA

Ni nani angethubutu kumpa mgonjwa sumu ya panya? Madaktari waliogopa, na nani angewalaumu. Lakini mwaka wa 1951 askari mmoja kijana wa Marekani, aliyekuwa amekata tamaa ya maisha, aliimeza sumu hiyo ili ajiue. Alifikishwa hospitalini, akapewa vitamini K, akapona kabisa. Namshukuru Mungu kwa uhai wa kijana yule, na kama kuna mwenzangu anayesoma haya huku moyo umemlemea kama wake, namsihi amwendee mwalimu, mzazi au rafiki leo hii, asikae na mzigo huo peke yake. Madaktari nao walipata funzo: sumu hii ina kiteguzi cha uhakika, basi ikipimwa vizuri inaweza kutumiwa na binadamu. Mwaka wa 1954 ikaidhinishwa kuwa dawa ya watu. Mwaka wa 1955 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipopatwa na mshtuko wa moyo, warfarini ilikuwa miongoni mwa dawa alizopewa. Tangu hapo nani tena angecheka? Dawa ya mwenye ghala la panya ndiyo iliyomezwa na mwenye Ikulu.

Link alipewa Tuzo ya Lasker mwaka wa 1955, na tena mwaka wa 1960. Hii ni heshima kubwa katika mambo ya tiba. Lakini sifa hazikumtia uoga. Katika miaka ile ya mwanzo wa 1950, wakati Marekani ilipokuwa ikiwasaka watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti, na seneta aliyeongoza msako huo alikuwa wa jimbo lilelile la Wisconsin, vyama vya wanafunzi vyenye mawazo yasiyopendwa vilikosa walezi. Walimu waliogopa kupoteza kazi. Link alikubali kuwa mlezi wao. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua chama bila mlezi ni kama kuku bila kichwa, kwa hiyo jambo hili lilinigusa. Alistaafu mwaka wa 1971, na akafariki Novemba 21, 1978, akiwa na umri wa miaka 77.

KWA NINI NIMEMCHAGUA

Pengine unajiuliza, mwanafunzi wa Kenya ana nini na nyasi za Wisconsin? Nitakuambia. Shangazi yangu alipokuwa mtoto aliugua koo mara kwa mara, na koo hilo halikutibiwa ipasavyo. Baadaye likamletea ugonjwa wa moyo, ule unaoharibu vali. Ni ugonjwa ambao bado unawasumbua vijana wengi katika nchi zetu. Shangazi alipasuliwa, akawekewa vali ya chuma. Vali ya chuma hufanya kazi nzuri, ila damu hupenda kugandia juu yake, na kwa hiyo mwenye kuwekewa hana budi kumeza warfarini kila siku, maisha yake yote.

Mwaka juzi jirani mmoja alimwambia kuwa anapewa sumu ya panya. Maneno hayo yalimwingia. Shangazi alianza kuvitazama vidonge vyake kwa jicho baya, akawa anasema ataviacha amwachie Mungu. Nyumba nzima ilikosa usingizi, maana kuviacha ni kulialika bonge. Mimi nilikwenda maktaba nikasoma, nikamwendea mwalimu wetu wa biolojia akanifafanulia, kisha nikarudi nikamkalia shangazi jioni nzima nikimsimulia habari za Carlson na debe lake, Campbell na fuwele zake, hadi Eisenhower. Sikumficha kuwa ni kweli, panya wameuawa kwa kitu hichohicho. Nilimweleza kuwa tofauti iko katika kipimo, na ndiyo maana kliniki humtoa damu na kumpima kila mara. Shangazi alicheka aliposikia ya rais, akaendelea na vidonge vyake.

Kutoka kwake nimejifunza mambo ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya darasani. Ana kitabu kidogo cha kliniki ambamo huandikwa namba ya damu yake. Kwa wagonjwa wengi namba hiyo hutakiwa iwe kati ya 2 na 3, na wenye vali za chuma wengine huwekewa ya juu kidogo. Ikishuka, damu inaweza kuganda. Ikipanda, anaweza kuvuja damu. Ni kama kutembea juu ya ukuta mwembamba. Na sukuma wiki yetu tunayoila kila siku ina vitamini K kwa wingi sana! Daktari hakumkataza kuila, ila alimwambia asile sahani nzima leo kisha akae wiki mbili bila kuonja. Ale kwa kiasi kilekile siku zote, ili dawa na mboga zizoeane. Pia hatumii dawa za maumivu za dukani, wala mitishamba, bila kuuliza kwanza, kwa kuwa nyingine huongeza hatari ya kuvuja damu. Na mwanamke anayetaka kupata mtoto sharti amwone daktari mapema, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Siku hizi zimetokea dawa mpya za kumeza ambazo hazihitaji kupimwa damu kila mara. Ya kwanza kati yake iliyoidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, iitwayo dabigatrani, ilikubaliwa mwaka wa 2010, na mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani likaziingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu. Lakini kwa mwenye vali ya chuma, hizo mpya hazifai. Yeye bado anaitegemea ileile ya mzee Link.

FUNZO

Wanachama wenzangu, kisa hiki kina mafunzo mengi, mimi nitachukua mawili. La kwanza ni kwamba elimu haibagui mlango. Profesa mwenye shahada tele angeweza kumfukuza mkulima mwenye viatu vya matope, akamwambia hii si ofisi ya mifugo, njoo Jumatatu. Hakufanya hivyo. Alimkaribisha, akamsikiliza, na ingawa siku ile hakuwa na jibu, hakulitupa swali. Kuna watu vijijini mwetu wenye madebe yao ya maswali: kwa nini mahindi yaliyoota kuvu huwadhuru watu, kwa nini kisima hiki maji yake hubadilisha meno ya watoto. Tukija kuwa wataalamu, tukumbuke kuacha mlango wazi.

La pili ni subira. Ni miaka sita kutoka debe la damu hadi fuwele ya kwanza, na zaidi ya miaka 20 kutoka ng'ombe wa Carlson hadi kidonge cha binadamu. Sisi tukikosa jibu la hesabu kwa dakika kumi, tunafunga kitabu. Mstahimilivu hula mbivu.

Na kama nyumbani kwenu yuko mgonjwa anayemeza kidonge hiki, usimtishe kwa maneno ya mitaani. Mkumbushe saa yake ya dawa, msindikize kliniki, na mpikie mboga yake kwa kipimo.